Uwezo wa Kungoja: Kahawa, Makaa ya Mawe na Biashara ya Nje

Mhadhara kwa wakulima, walimu na wanafunzi wa Mapera, Mbinga



Ilimu ya iktisadi ya mataifa aghalabu hufundishwa kuanzia juu, kwenye vitabu vyenye majedwali ya bidhaa zinazotoka na bidhaa zinazoingia, kisha ikashuka daraja kwa daraja hata ikamfikia mkulima, ambaye kwa wakati huo amekwisha kuwa tarakimu isiyo na sura wala jina. Leo naomba idhini yenu nianze chini, katika shamba la kahawa la milima hii, katika mwezi wa Januari, kwa kuwa nionavyo mimi swali zito kuliko yote katika biashara ya taifa letu na dunia limo zima ndani ya mwezi huo, na asiyelifahamu hapa hatalifahamu hata akipelekwa kusoma mbali.

Mnaujua mwezi huo kuliko mimi. Mche umebeba, lakini matunda ni ya kijani, magumu, na hayatakuwa mekundu mpaka Mei au Juni. Mahindi ya ghalani yamepungua na yaliyomo shambani katika ngoro hayajakomaa. Shule zimefunguliwa, na mtoto anataka sare, madaftari na viatu. Mbolea nayo haingoji, maana mvua ikipita imepita. Wakati huo ndipo anapotokea mtu mwenye fedha taslimu mfukoni, naye hana kelele wala ukali, akamwambia mwenye shamba kwamba yuko tayari kumsaidia leo, kwa sharti moja tu: kahawa itakapoiva na kukauka, magunia kadhaa yawe yake kwa bei wanayokubaliana leo. Biashara hii ninyi mnaiita magoma. Ndugu zetu wa Kagera wanayo kama hiyo, nao huiita butura. Serikali imeikataza, viongozi huilaani karibu kila msimu, na kila msimu inarudi.

Mimi sikubaliani na wanaosema kuwa inarudi kwa sababu mkulima ni mjinga. Mkulima wa Kimatengo, ambaye babu zake walivumbua ngoro, wakalaza majani katika miraba juu ya mteremko mkali, wakayafukia kwa udongo na kuacha shimo katikati ili maji ya mvua yatulie badala ya kuuchukua mlima, hawezi kufunzwa na mtu yeyote hesabu ya leo na kesho. Anajua fika kwamba anauza kwa nusu ya thamani, pengine pungufu ya nusu. Anauza kwa sababu hawezi kungoja. Aliyenunua hana ardhi bora kuliko yake, wala hajui kupogoa mche kuliko yeye, wala hana jasho lililomtoka. Alicho nacho ni uwezo wa kukaa miezi sita bila kuiona fedha yake, na kwa uwezo huo peke yake anaondoka na sehemu kubwa ya faida ya mwaka mzima.

Basi huo uwezo wa kungoja ndio maudhui ya mhadhara wangu. Nitajaribu kuonyesha kwamba mwenendo ule ule unaowakutanisha mkulima na mnunuzi wa magoma ndio unaokutanisha taifa changa na mataifa yenye viwanda, na kwamba nchi haitapata viwanda kwa kutamani viwanda, maadamu haijajijengea uwezo huo.

Tuifuate kahawa. Mchumaji mwema huchagua tunda moja moja, jekundu kamili, aache la kijani na la njano kwenye tawi; jioni ile ile matunda humenywa, punje zikavundikwa ili utelezi ulegee, zikaoshwa kwa maji safi, kisha zikatandazwa juu ya vitanda vya kuanikia, na hapo ndipo kazi ya macho na mikono inapoanza, kwa kuwa zinageuzwa na kugeuzwa, zinafunikwa jua likiwa kali la mchana na zinafunikwa tena umande ukishuka, na punje zilizovunjika au zilizotobolewa na wadudu zinaondolewa moja baada ya nyingine. Kilo 6 hivi za matunda mabivu hutoa kilo 1 tu ya kahawa safi. Punje iliyoanikwa kwa haraka hupasuka ganda, na iliyoachwa na unyevu huota ukungu guniani. Mwonjaji wa kahawa wa Moshi anaweza kuitambua kasoro hiyo kwa funda moja tu. Huu ni ufundi wa kiwandani kwa kila hali, na nasikitika sana kila nisomapo kwamba nchi yetu huuza nje kahawa ghafi, kama kwamba tunda lilianguka lenyewe likajikausha.

Kutoka hapa kahawa hukobolewa, maana mna kiwanda cha kukoboa hapa hapa Mbinga, ikapangwa kwa madaraja, ikauzwa mnadani, ikapakiwa melini, hata ikafika katika bohari za Hamburg au Bremen. Ujerumani haina mche hata mmoja wa kahawa shambani, na bado ni miongoni mwa nchi zinazouza kahawa kwa wingi duniani, kwa kuwa huinunua kwa wengine, huikaanga au kuipunguzia ukali, na kuwauzia majirani zake. Kijana akiuliza kwa nini sisi tusiikaange hapa, atajibiwa upesi kwamba Wazungu wametuwekea ushuru wa forodha. Jibu hilo ni tamu kulisema, walakini si kweli kwa upande wetu. Ni kweli kwamba Umoja wa Ulaya hautozi chochote kwa kahawa mbichi na hutoza asilimia 7.5 kwa kahawa iliyokaangwa ya baadhi ya mataifa. Lakini tangu mwaka 2001 nchi maskini kabisa, na Tanzania ikiwamo, zimeruhusiwa kuingiza bidhaa zao huko bila ushuru, isipokuwa silaha. Mlango uko wazi kwa zaidi ya miaka ishirini, na sisi bado tunapeleka punje za kijani.

Sababu iko kwingine. Kahawa mbichi hukaa boharini mwaka mzima bila kuharibika sana. Kahawa iliyokaangwa huanza kupoteza harufu baada ya majuma machache, na hivyo mkaangaji hutaka kuwa karibu na mnywaji. Zaidi ya hayo, mkaangaji mkubwa haanzi kwa kukaanga, anaanza kwa kuchanganya: huweka boharini kahawa ya Brazil, ya Colombia, ya Ethiopia, ya Vietnam na ya kwetu, ili mteja wake apate ladha ile ile Januari na ile ile Agosti, hata kama ukame umeipiga nchi moja. Duka kubwa linalowauzia wanywaji kahawa yake humlipa baada ya miezi. Kwa hiyo anachouza hasa ni subira yenye mtaji nyuma yake. Tanuri la kukaangia laweza kununuliwa na chama cha msingi chochote chenye bidii. Bohari iliyojaa mali ya nchi tano, ambayo mwenyewe halazimiki kuiuza leo, hiyo ndiyo isiyonunulika kirahisi.

Wako wataalamu waliolitazama jambo hili zamani. Mwaka 1950 Raúl Prebisch wa Argentina na Hans Singer, kila mmoja kwa njia yake, walidai kwamba bei za mazao ya mashambani na ya migodini huelekea kushuka kwa muda mrefu zikilinganishwa na bei za bidhaa za viwandani, hata nchi yenye kuuza mazao ikalazimika kutoa magunia mengi zaidi ili kupata mashine ile ile. Wakubwa wetu wa miaka ya uhuru waliisadiki hoja hiyo, nami naiheshimu. Lakini kwa mtu wa Mbinga maumivu makali zaidi yametoka katika kuyumba kwa bei kuliko katika kushuka kwake. Mwaka 2001 bei ya wastani ya dunia ilianguka hata karibu na senti 45 za Marekani kwa ratili. Februari 2025 kahawa aina ya arabika ilivuka dola 4 kwa ratili katika soko la New York. Mwenye kuweza kungoja hupata wastani wa bei hizo mbili. Asiyeweza hupata ile ya siku aliyobanwa.

Wazee wenu walilifahamu hili kabla ya maprofesa. Kahawa ilianza kushika mizizi katika milima hii katika miaka ya 1920, na mwaka 1936 Wangoni na Wamatengo waliungana katika chama cha ushirika cha kuuza mazao, Ngoni-Matengo, kilichoanza na tumbaku upande wa Songea. Kazi ya chama cha namna hiyo, ukiivua maneno ya mikutanoni, ilikuwa kumwezesha mtu mdogo kungoja: kumpa malipo ya awali apeleke mzigo ghalani, kuukusanya mzigo na mizigo ya wenzake, kuuza ukiwa mwingi na kwa wakati mwafaka, kisha kumrudishia malipo ya pili. Mwaka 1962 mataifa yenyewe yalifanya jambo hilo hilo kwa ukubwa wa dunia, yakatia saini mapatano ya kahawa yenye mgao kwa kila nchi, ili kahawa nyingi isimiminwe sokoni kwa mara moja.

Ngome zote mbili ziliporomoka. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na Serikali mwaka 1976, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982, vikarudi vikiwa dhaifu, na viongozi wake wengi wakiwa wanaitazama zaidi ofisi iliyo juu yao kuliko mwanachama aliye chini yao. Julai 1989 mgao wa dunia ulisimamishwa na bei ikaanguka vibaya. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia vijijini. Walileta fedha taslimu, jambo ambalo wakulima walilifurahia kwa haki, lakini chama cha hapa, MBICU, kilichokuwa kikikopesha pembejeo na kutegemea kukata deni lake katika kahawa, kilishindwa kumkata mtu aliyekwisha kuuza kwingine, kikazama katika madeni. Benki ya wananchi iliyoanzishwa Mbinga ilifutiwa leseni na Benki Kuu Mei 2017 kwa kupungukiwa mtaji. Mwaka 2018 Serikali iliamuru kahawa ipitie tena katika vyama vya msingi. Tumezunguka tukarudi tulipokuwa, na Januari imebaki na njaa yake.

Sasa niinue macho kutoka shambani hadi kwenye dola. Baada ya baridi kali ya mwaka 1975 kuiunguza mibuni ya Brazil, bei ya kahawa ilipanda hata ikafika kilele mwaka 1977, na Tanzania ikajikuta ina akiba ya fedha za kigeni ambayo haikuwahi kuiota. Wakati huo huo taifa lilikuwa limejitolea kujenga viwanda vya msingi, kwa mpango uliokusudiwa kwenda kutoka 1975 hadi 1995: nguo, saruji, mbolea, ngozi, vipuri. Kwa ushauri wa wakopeshaji wakubwa, mwaka 1978 milango ya kuagiza bidhaa kutoka nje ililegezwa, na akiba ile ikayeyuka kwa muda wa miezi. Oktoba ya mwaka ule ule majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Vita vikaja, mafuta ya petroli yakapanda bei mara ya pili, kahawa ikashuka, na taifa zima likawa limeingia Januari bila kitu ghalani.

Ndipo viwanda vilipoonyesha udhaifu wao. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia na kukusudiwa kuuza viatu Ulaya, hakikupata kufanya kazi ila kwa sehemu ndogo sana ya uwezo wake. Viwanda vya kubangua korosho vya kusini, vyenye mashine za Kijapani na za Kitaliano, vingi vilikaa kimya. Wako wanaosema kwa dhihaka kwamba yote yalikuwa upuuzi wa ujamaa. Mimi nasema shabaha ilikuwa sahihi, na aliyewahi kuvaa kitambaa cha viwanda vya nguo vya Urafiki au Mwatex anajua kuwa mikono yetu iliweza. Kosa lilikuwa kwamba kila kiwanda kilihitaji kipuri, rangi, dawa na mafuta ya kununuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zilitoka katika kahawa, pamba na katani. Hivyo bei ya mazao ilipoanguka, mashine zilisimama siku zile zile tulizozihitaji kuliko wakati wowote. Mwaka 1986 tulikwenda kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, na masharti tuliyopewa yalikuwa masharti ya mtu anayekopa hali mtoto wake yuko mlangoni na nguo zilizochanika. Nani amewahi kupatana vizuri katika hali hiyo?

Korea ya Kusini nayo ilikuwa nchi fukara mwaka 1961. Ilipotaka kiwanda cha chuma, wakopeshaji wa kimataifa waliikatalia mwaka 1969 kwa kusema mradi hautalipa. Wakorea wakatumia fedha walizokuwa wakipokea kutoka Japan baada ya mapatano ya mwaka 1965, na kiwanda cha Pohang kikaanza kutoa chuma mwaka 1973. Siwasifu kwa kila kitu, maana wafanyakazi wao walibanwa sana na watawala wao walikuwa wakali. Nachukua jambo moja tu: walikuwa na fedha yao ya kungojea, wakaiweka mahali pamoja, hawakuitapanya kwa kuagiza starehe.

Hapa Mbinga Mwenyezi Mungu ametupa bidhaa ya pili, ambayo tabia yake ni kinyume cha kahawa. Makaa ya mawe ya Ngaka yalianza kuchimbwa mwaka 2011 na kampuni ya ubia ambayo ndani yake Shirika la Maendeleo la Taifa lina hisa 30 kwa mia. Makaa hayaozi ardhini wala hayaombi mbolea. Mwaka 2016 Serikali ilizuia makaa ya nje kuingizwa nchini, na viwanda vya saruji, kile kikubwa cha Mtwara kikiwamo, vikalazimika kuyatazama ya kwetu. Malori yakawa yanashuka usiku na mchana kuelekea mashariki. Kisha mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipoitia Ulaya hofu ya nishati, makaa ya Ruvuma yalipakiwa melini katika bandari ya Mtwara kwenda ng'ambo, jambo ambalo miaka michache nyuma lingechekesha.

Hukumu yangu katika hili haiwezi kuwa nyepesi. Makaa yanayochoma saruji ya Mtwara yanabaki katika kuta za nyumba zetu. Yanayopakiwa melini yanaacha mrabaha, ajira kadhaa na barabara zilizochakaa. Ningependa yale ya kwanza yazidi. Hata hivyo dunia inayageuzia makaa mgongo kwa ajili ya hali ya hewa, na bidhaa ambayo leo inaweza kungoja ardhini huenda kesho ikakosa wa kuitaka. Kwa hiyo makaa yauzwe, lakini fedha yake isitendewe kama fedha ya mwaka 1978. Ni mali inayotoka mara moja tu; ikitumiwa kulipia matumizi ya kawaida ya mwaka, mlima umepungua na ghala halikuongezeka.

Juu ya barabara na bandari sitasema mengi, maana mnaziona. Lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imeufanya mteremko wa ziwani kuwa safari fupi. Ng'ambo ya pili ni Nkhata Bay ya Malawi, na meli za mizigo ziitwazo Ruvuma na Njombe, kila moja ya tani 1,000, zimeelea ziwani tangu 2017. Ninawakumbusha tu kwamba kusini kulikwisha kuwa na reli. Waingereza waliijenga kutoka pwani ya Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya karanga, mradi wa karanga ukafutwa mwaka 1951, na katika miaka ya mwanzo ya uhuru reli ikang'olewa kwa kukosa mzigo. Njia hubebwa na shehena iliyo tayari kupita kila siku, na shehena ya kila siku hutoka kwa wazalishaji ambao hawakuuza kila kitu katika mwezi mmoja wa dhiki.

Nini basi kifanyike? Nitasema mawili ninayoyaamini. La kwanza, kukaanga kahawa kuanze kwa ajili ya wanywaji wetu. Ethiopia hunywa karibu nusu ya kahawa yake. Sisi hunywa sehemu ndogo sana, ingawa watu wa pwani wana mazoea ya kale ya kahawa chungu barazani, na Bukoba ina kiwanda cha kahawa ya unga cha TANICA tangu miaka ya 1960. Mnywaji wa Songea, wa Mbeya, wa Dodoma yuko karibu na tanuri, hulipa kwa shilingi, na upya wa kahawa, ambao Hamburg unatushinda, hapa unatutetea. Kiwanda kitakachojifunza kwa mnywaji huyu, kikakosea na kusahihishwa naye, kitakuja kuwa na ubavu wa kuvuka bahari.

La pili ni Januari yenyewe. Halmashauri hutoza ushuru wa mazao ya biashara kwa asilimia 3, na kwa sheria sehemu ya 10 kwa mia ya mapato yake ya ndani hukopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Fedha hiyo ipo. Swali ni tarehe inayotolewa na mtu inayemfikia. Natamani kuona sehemu ya ushuru wa kahawa ikiwekwa katika mfuko wa amana usioguswa kwa jambo jingine, ukikopesha kupitia vyama vya msingi kati ya Januari na Machi, kwa riba ndogo iliyotajwa hadharani, kwa dhamana ya kahawa itakayofikishwa ghalani, na hesabu yake ikibandikwa ukutani ambapo kila mwanachama ataisoma. Katibu wa chama ashindwe kumkopesha shemeji yake bila mkutano kujua. Wanawake, ambao ndio wafukiao majani ya ngoro na wageuzao punje vitandani, wawe na majina yao katika daftari la chama badala ya kusubiri nyuma ya jina la mume.

Najua mtaniambia kwamba vyama vimekwisha kutusaliti, na kwamba mtu aliyekatwa fedha na chama miaka ile hawezi kukiamini tena. Malalamiko hayo ni ya haki, na hayaponywi kwa hotuba. Yataponywa na msimu mmoja ambao malipo ya pili yamefika kwa siku iliyoahidiwa, kisha msimu wa pili, kisha wa tatu. Mlio na vyama hai hapa Mapera mnaweza kuanza na mfuko mdogo kuliko niliousema, wa fedha zenu wenyewe, mkikata kiasi kidogo kwa kila kilo msimu huu unaokuja na kukubaliana juu yake mkutanoni kabla ya mavuno, ili Januari inayofuata awepo mkulima mmoja, au kumi, watakaomwambia mnunuzi wa magoma kwamba kahawa yao haiuzwi ingali ya kijani.